Jani la Mlangoni

Tangu asubuhi Héritière alikuwa amebadilisha aproni mara tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa imechafuka. Mikono yake ilikuwa na akili siku hiyo. Miguu ndiyo haikuwa nayo. Mikono ilikanda, ikakata, ikafunga. Miguu ilitoka kwenye meza ikaenda mlangoni, ikarudi, ikaenda tena. Kila gari lililoingia kwenye pakingi ya jengo lile la Fridley, Minnesota, lilimwinua kichwa.

Goretti, mama wa Bukavu aliyekuwa akimsaidia kupika siku za oda kubwa, akamwambia kwamba kama anamngoja mwanaume basi amngoje akiwa amekaa, maana anamkanyagia sakafu aliyotoka kuipiga deki.

Héritière akasema hamngoji mtu.

"Bon," Goretti akasema. "Basi huo wanja umewapakia maboga."

Jiko lilikuwa la kukodi, wapishi watano wakipokezana siku, na Ijumaa ilikuwa yake. Oda ya leo ilikuwa ya watu sitini. Walikuwa watu wazima na akili zao, wanaokutana kwenye bustani moja kando ya mto kule Champlin kila mwezi unapojaa angani, na mara nyingine majira yanapogeuka. Si kanisa, si msikiti. Wanawasha moto, wanaimba, wanashukuru ardhi, wanakula. Kiongozi wao alikuwa mwalimu mstaafu wa hisabati, Linnea, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe, aliyekula sambusa za Héritière sokoni miaka miwili iliyopita akala ya tatu na ya nne, kisha akaomba namba yake.

Kalenda yao Héritière alijifunza kwa sufuria. Mwezi wa pili, theluji ikiwa bado magotini, walitaka maziwa, siagi na jibini nyeupe, kwa sababu huo ndio wakati kondoo wa zamani zao walipoanza kutoa maziwa. Jua la kiangazi likifika kilele, walitaka vikeki vya asali, vya duara, vyenye rangi ya machungwa. Mwezi wa nane, mkate wa ngano mpya. Na sasa, mwezi wa tisa, mwezi mpevu wa mavuno: supu ya maboga na maharage, mikate ya mahindi, tufaha zilizookwa na mdalasini, na vile vibiskuti vyake vya mwezi mchanga ambavyo Linnea alisema vikikosekana kutakuwa na maandamano. Lozi zilizosagwa, siagi, unga kidogo, chumvi ya kuonjea, iliki ya kutosha. Unatandaza donge, unakata kwa mdomo wa kikombe cha chai, ukikata mara mbili kwenye duara lile lile upate umbo la mwezi. Unavitoa kwenye oveni kingo zikiwa kahawia na katikati bado kweupe, na sukari ya unga unainyunyiza vikiwa moto, la sivyo haishiki.

Siri ilikuwa iliki. Na iliki ndiyo iliyomleta Farhan.

Héritière alikuwa ameingia kwenye duka la viungo pale Cedar-Riverside akitafuta iliki ya kawaida tu. Kijana wa Mombasa aliyekuwa nyuma ya meza akachukua punje moja, akaipasua kwa ukucha, akamsogezea kiganja anuse. Akamwambia zile za supamaketi zimekufa zamani, watu wananunua maiti. Hii iko hai. Héritière alinusa iliki, akanusa na kiganja. Kesho yake akarudi dukani na hakuwa na shida ya iliki hata chembe.

Miezi kumi na miwili sasa. Kuna watu wanaopenda kwa utulivu, wanalala, wanaamka, wanakula. Héritière hakupata bahati ya kuwa mmoja wao.

Saa tisa Goretti akapakia supu, mikate na tufaha kwenye veni akatangulia Champlin kuwasha majiko. Zikabaki trei za mwisho tu, zile ambazo Héritière hakutaka mkono mwingine uziguse. Mwezi huu Linnea alikuwa ameomba kitu kipya: chakula cha mavuno cha watu wa Héritière mwenyewe. Mwanzoni Héritière alijibu hana. Alikuwa nacho. Alikuwa nacho tangu akiwa na miaka kumi na moja, na hakuwahi kukipika mahali popote.

Ulikuwa ugali wa mtama mwekundu, mzito, uliosongwa mpaka bega liume, ukafungwa vipande vipande kwenye majani ya mgomba, na maharage yaliyochemshwa na kitunguu na chumvi basi. Majani aliyapata kwenye friza ya duka la Waasia. Mtama aliuagiza kwa Farhan. Vifungu sitini. Na kabla ya cha kwanza kuhesabiwa, alimega tonge moja, akaliweka kwenye kipande cha jani pamoja na maharage, akafungua mlango wa nyuma na kuliweka chini, kizingitini. Hakuomba. Hakusema kitu. Alisimama kidogo, kisha akarudi kwenye meza.

Ndiyo maana Farhan alipoingia kwa mlango huo huo, dakika kumi baadaye, akiwa amekumbatia mfuko wa iliki na lile jani likiwa juu ya kiganja chake cha kulia, Héritière alihisi kama mtu amemvuta nywele.

"Chakula hakiwekwi chini, Heri," Farhan akasema. Alikuwa amelifuta vumbi pembeni kwa kidole, akaliweka mezani kwa heshima, kama alivyofunzwa na mamake tangu hajaota meno. "Kilikuwa hapo mlangoni. Mtu angekikanyaga."

"Kirudishe."

"Wapi?"

"Ulipokitoa."

Alianza kucheka. Kisha akayaona macho ya Héritière, akaacha. Hakuuliza. Alilichukua jani kwa mikono miwili, akapiga goti mlangoni, akaliweka pale pale, akalinyoosha kingo. Ilikuwa shida kumkasirikia mtu anayepiga goti namna ile. Mgongo wake ulionekana ndani ya shati, na Héritière alilazimika kutazama maboga yasiyokuwepo.

Farhan alipogeuka, midomo yake ilikuwa mikavu. Héritière akamsogezea kibiskuti bila kuwaza. Farhan akatikisa kichwa.

"Nimefunga. Leo ni kumi na nne."

Héritière aliijua hesabu hiyo. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano, zile siku nyeupe, mwezi ukiwa umejaa. Mamake Farhan alizifunga kila mwezi na mwanawe alizifunga naye. Héritière akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akamwambia basi wao wote wako kazini kwa bosi mmoja: watu wa Linnea mwezi ukijaa wanakula, yeye mwezi ukijaa anashinda njaa. Farhan akasema yeye hafungi kwa ajili ya mwezi, anafunga kwa ajili ya aliyeuumba. Héritière akasema anajua, na yeye hapiki kwa ajili ya mwezi, anapika kwa ajili ya sitini waliolipa.

Farhan hakucheka. Alikuwa akiuzungusha mfuko wa iliki mezani.

"Mamangu amekubali," akasema.

Héritière akashika ukingo wa meza.

"Jumapili. Saa kumi, mkitoka kanisani. Yeye na ami zangu wawili. Wanakuja kwa babako kuposa."

Miezi minane Mzee Onesphore, babake Héritière, alikuwa hamwitikii Farhan salamu. Binti wa shemasi kuolewa na Mwislamu. Alikuwa amelitamka neno hilo kama mtu anayetema mbegu ya limau. Kisha, wiki mbili zilizopita, akiwa amechoka kumwona binti yake akizunguka nyumbani kama paka aliyefungiwa, alisema waje, atawasikiliza, lakini atawasikiliza akiwa amekaa na wazee sita wa kanisa. Kilichokuwa kimebaki ni mama wa Mombasa. Na sasa mama wa Mombasa alikuwa amekubali.

Farhan alisogea, akasimama hatua moja kabla ya kumfikia, kwa sababu alikuwa amefunga. Hatua hiyo moja ilimchoma Héritière kuliko kama angemkumbatia. Walitazamana. Oveni ilikuwa ikinguruma, na nje mtu alikuwa akirudisha gari nyuma.

"Kuna neno moja," Farhan akasema.

Ah. Siku zote kuna neno moja.

Akaeleza huku akitazama iliki. Akina mama wa msikitini walikuwa wamempelekea mamake, Bi Saadia, habari kwamba yule msichana wa Kikongo anawapikia watu wanaoabudu mwezi. Na Bi Saadia hakupiga kelele, hakulia. Alisema tu kwamba Kitabu kinamruhusu mwanawe kuoa Mkristo, lakini hakimruhusu kuoa mwenye kusujudia mwezi, na kwa hivyo anataka kujua ni yupi kati ya hao wawili anayeletwa kwake.

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia umeacha."

"Lini niliacha?"

"Hukuacha. Nilisema umeacha."

"Ulisema lini, Farhan?"

"Mwezi wa saba."

Héritière alirudi kwenye vifungu vyake. Alichukua kimoja kilichofungwa vizuri akakifungua, akakifunga upya. Miezi miwili na zaidi. Mtama huu yeye ndiye aliyeuleta. Iliki hii yeye. Alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma na viungo mkononi, anapendwa, anatoka, anaenda nyumbani kwa mamake kumwambia kwamba jiko hili halipo.

"Sikiza," Farhan akasema. "Wallahi nilitaka tu aje. Akishakuja, akikuona, akila mkono wako, nitamwambia pole pole. Mimi namjua mamangu."

"Unajua hilo jani ni la nani?"

Farhan akatazama mlango.

Hapo ndipo Héritière alipomwambia. Alimwambia akiwa amesimama, akifunga vifungu, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Kule milimani Masisi, bibi yake, Nyiraneza, mama mzazi wa baba yake, alikuwa na desturi moja. Mtama mpya ukiiva, kabla ya mtu yeyote nyumbani kuuonja, tonge la kwanza linawekwa mlangoni kwenye jani kwa ajili ya waliolima shamba hilo kabla yetu. Umuganura, ndivyo alivyouita. Alikuwa pia hakosi ibada, anaimba kuliko wote, na Biblia alikuwa nayo ingawa kusoma hakujua. Mwaka ambao Héritière alikuwa na miaka kumi na moja, mtu akaliona jani. Wazee wa kanisa wakaja jioni, wanane, wakakaa uani kwenye viti vilivyoazimwa kwa jirani. Wakamuuliza Onesphore, shemasi mpya, kijana mwenye suti moja: je, mama yako ni mchawi?

"Hakusema ndiyo," Héritière akasema. "Hakusema hapana. Alitazama chini akasema, mimi sijui mambo yake. Hivyo tu. Nilikuwa mlangoni nimeshika mfuniko wa chungu. Bibi hakuruhusiwa kuingia kanisani tena. Kila Jumapili alikaa nje, chini ya dirisha, akaimba kwa nje. Miezi saba, mpaka tukakimbia. Alifia njiani, na watu hao hao wanane hawakumwombea. Ninawajua kwa majina, na ninajua kila mmoja alikalia kiti gani. Wawili wako hapa Minnesota, nao ni kati ya wale wazee sita. Mmoja hunisalimia kwenye supamaketi, ananiuliza kama nimepata mchumba."

Farhan alikuwa ameinama.

"Nililia sana juu ya wale wazee," Héritière akasema. "Siku hizi siwalilii. Wale walikuwa wageni na viti vyao. Yule aliyekuwa wa kwake ndiye aliyetazama chini. Mimi siolewi na mtu anayetazama chini."

Kingekuwa kitabu kingine, mwanaume angepiga magoti hapo na mambo yakaisha. Farhan hakupiga magoti. Aliinua uso na uso ulikuwa na hasira.

"Na babako umemwambia hawa wa Champlin ni nani?"

Héritière akavuta jani jingine.

"Ulimwambia ni wateja. Nilikuwa kwenye gari ulipompigia. Wateja wa bustani, ulisema. Miaka miwili. Jumapili watakaa wazee sita pale, na wawili unasema walikuwepo siku ile, na wewe utawapitishia chai. Mimi nilidanganya, sawa. Wewe ulinyamaza. Hata babako alinyamaza, Heri."

Hakuna mtu aliyewahi kumweka Héritière kwenye mizani moja na baba yake. Alitaka kumtupia kitu, na kilichokuwa karibu ni ugali wa moto, na ugali ulikuwa na hesabu. Akavua aproni ya nne.

"Beba hiyo trei," akasema.

"Twende wapi? Bado mapema, Champlin ni—"

"Tunaenda kwa mama yako."

Farhan akamkumbusha kwamba Cedar-Riverside ni kusini na Champlin ni kaskazini, kwamba ni Ijumaa, kwamba saa kumi na moja barabara zote zinakuwa pakingi, kwamba atachelewa. Héritière akamwambia amechelewa tangu ana miaka kumi na moja. Nusu saa haitamuua. Wakapakia. Wakaendesha mpaka yale majengo marefu ya Cedar-Riverside, yenye vibao vya rangi, yalipotokea. Héritière alifunga na kufungua dirisha la gari mara tano.

Kwenye lifti alizungumza. "Mimi sitasema neno. Ukinyamaza, nitashuka na lifti hii hii."

Bi Saadia aliwafungulia mwenyewe, mwanamke mfupi, mnene kiasi, dera la bluu, mtandio begani, mikono ina unga. Alikuwa akikaanga kaimati za kufungulia. Alimtazama Héritière kuanzia viatu, akapanda taratibu, akafika usoni akakaa hapo.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, Mama."

"Shikamoo, Mama," Héritière akasema, na kwa Mkongo salamu hiyo haikuwa ya nyumbani. Alikuwa ameifanyia mazoezi.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kaa hapo, si hapo, hapo pana feni." Akarudi kwenye karai lake, akavuta hewa. "Wanukia majani ya mgomba. Hayapatikani huku hayo."

Mle ndani mlikuwa na zulia jekundu, saa ya ukutani yenye picha ya Makka, na harufu ya mafuta na hiliki, maana ndivyo Bi Saadia alivyoiita. Aligeuza kaimati mbili, tatu. Kisha, bila kugeuka:

"Farhan kanambia ile kazi ya wale watu wa mwezi umeiwata. Nimeshukuru. Mtu akikuwatia kitu chake, kakuheshimu."

Héritière alimtazama Farhan.

Farhan alitazama zulia. Shingo yake iliinama kidogo, pale pale, kwa pembe ile ile, na Héritière aliijua shingo hiyo. Aliijua kutoka mlangoni, akiwa na mfuniko mkononi. Mafuta yalikuwa yakichemka. Akahesabu kaimati kwenye karai, zilikuwa tisa. Akaweka mkono kwenye mkono wa kiti ili ainuke.

"Hakuiwata, Mama."

Bi Saadia akageuka.

"Mimi nilikudanganya," Farhan akasema, na sasa alikuwa akimtazama mamake usoni, na sauti ilikuwa ikimtetemeka kama ya mtu anayebeba kitu kizito akipanda ngazi. "Hakuiwata na sikumuomba aiwate. Leo amepika ugali wa mtama. Chakula kiko garini. Iliki nimempelekea mimi na trei nimezibeba mimi."

Bi Saadia alitoa kaimati zote tisa kwanza. Akazima moto.

"Na leo umefunga?"

"Nimefunga."

"Umefunga na uongo tumboni."

Farhan hakujitetea. Bi Saadia alimwacha hapo alipokuwa, akaja kukaa mbele ya Héritière, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Wewe wausujudia mwezi?"

"Hapana, Mama. Ninawapikia wanaousherehekea. Mimi ni Mkristo. Watakuja watu kukwambia kwamba mimi si hodari." Alikuwa ameahidi kutosema neno, na sasa hakuweza kukoma. "Lakini leo nimeweka chakula mlangoni kwa ajili ya bibi yangu aliyekufa. Simwombi kitu. Ninamkumbuka. Na mwaka ujao nitaweka tena, popote nitakapokuwa nimeolewa. Nimetaka ulisikie kwangu."

Farhan alifumba macho.

Bi Saadia alikuwa akisugua unga kwenye vidole, kidole kimoja kimoja. Alikaa hivyo mpaka Héritière akaanza kutafuta mlango kwa macho.

"Mamangu," Bi Saadia akasema hatimaye, "siku ya mwaka, mwaka mpya wetu wa Kiswahili, alikuwa akipika nafaka saba. Chungu kimoja. Mtaa mzima waja na bakuli zao. Kisha ikasemwa haifai, ni mambo ya kale. Na aliyemwambia ni mimi. Kwa kinywa changu. Nilimwambia sikitaki chakula kile nyumbani mwangu. Akapika kidogo, akala peke yake, mwaka ule na mwaka wa pili. Wa tatu hakuufikia." Akainuka. "Sikwambii kwamba nimegeuza nia. Nakwambia nilivyosema."

Akafunika zile kaimati.

"Hicho chakula cha garini, ni cha watu wangapi?"

"Sitini, Mama."

"Wala saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

Bi Saadia akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa imekaribia saa kumi na mbili. Uso wake ulibadilika kabisa, na kilichoingia hapo hakikuwa dini wala mapenzi, kilikuwa hasira ya mpishi.

"Nanyi mwakaa kwangu mwatazamana? Watu sitini wangoja chakula. Inukeni."

Aliwasukuma mpaka mlangoni, akamtilia mwanawe tende kwenye kikaratasi na chupa ya maji ya kufungulia njiani. Farhan alisimama kizingitini, akauliza kwa sauti ya chini, na Jumapili je?

"Jumapili." Bi Saadia akajifunga mtandio. "Hili silikubali. La mwezi silikubali, na la mlangoni silikubali. Na ntakuja. Bora nikae mbele ya babake nimwambie usoni kwamba silikubali, kuliko nikae hapa nisimuliwe na jirani. Lakini wewe, Farhan, ukinidanganya tena utakwenda kuposa na ami zako tu." Kisha, kwa Héritière, karibu kwa ukali: "Ugali wa mtama haukai. Ukipoa wafanya ngozi juu. Uwatilie samli kabla hujawapa."

Barabara ya kaskazini ilikuwa imejaa magari, taa nyekundu mpaka mwisho wa macho. Héritière aliendesha. Aliendesha vibaya, akibadilisha laini bila faida. Farhan alikuwa kando yake na tende mapajani, na vifungu sitini vilikuwa vikipumua nyuma.

"Bado umekasirika?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na mimi pia."

Wakaenda. Upande wa kulia, mbali juu ya mapaa ya maghala, mbingu ilikuwa imeanza kuwa na weupe mahali ambapo mwezi ungetokea. Héritière hakuutazama. Alikuwa akitazama Jumapili: sebule ya baba yake, viti, wazee sita, wawili kati yao, chai.

"Watakuuliza," akasema. "Yule wa supamaketi ndiye atakayeuliza. Atauliza kwa upole. Atasema, kijana, unajua binti huyu anafanya kazi gani?"

"Nitamjibu."

"Jibu sasa."

Farhan akajiweka sawa kitini. "Anapika. Anawapikia watu wa Champlin sikukuu za mwezi na za majira. Ninajua, na mamangu anajua."

"Umesema haraka. Tena."

Akasema tena. Akasema tena walipovuka mto. Mara ya tano aliisema kama mtu anayetaja jina lake mwenyewe, bila kutetemeka, na Héritière akahisi kitu kifuani kikilegea ambacho hakuwa amejua kimefungwa.

"Sasa wewe," Farhan akasema.

"Mimi nini?"

"Babako atakuwa amekaa pale. Wao wamekaa. Useme."

Aliona ni rahisi. Alikuwa na miaka kumi na saba ya maneno, alikuwa na majina na viti. Akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa sauti ya mtoto.

"Papa," akasema, akanyamaza.

Magari mbele yalisogea. Hakusogea. Mtu nyuma akapiga honi. Farhan hakumgusa, hakumsaidia. Jua lilikuwa limeshazama na tende zilikuwa bado kwenye karatasi. Alikuwa ameishika chupa ya maji bila kuifungua, akimngoja.

"Papa," Héritière akasema tena, na machozi yakaanza bila ruhusa, "bibi hakuwa mchawi. Ulijua hakuwa mchawi."

Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka nje ya kichwa chake. Yalionekana madogo sana ndani ya gari lile, maneno machache tu ya kumgharimu bibi yule kanisa lake. Honi ikalia tena nyuma. Akaondoa gari.

"Umesema kwa kulia," Farhan akasema taratibu. "Tena."

Akafuta uso kwa kiwiko, akasema tena. Kisha tena, kwa nguvu zaidi, mpaka Champlin.